Mume anataka tupaue nyumba, mimi nataka kuchapa riwaya ya pili

Mshauri, habari za kazi. Nasoma safu hii kila wiki, na leo imenibidi na mimi niandike. Naomba jina langu lisitoke.

Nina miaka 38, mama wa watoto wawili, naishi Mbagala. Nimeajiriwa ukarani katika ofisi ya wakala wa forodha mjini. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Pamoja na hayo yote, naandika riwaya. Naamka saa kumi alfajiri, naandika mpaka saa kumi na mbili kasoro, halafu naandaa watoto na kuwahi daladala. Ndivyo nilivyomaliza ya kwanza, na ndivyo nilivyomaliza hii ya pili. Mhariri ameshaipitia na nimeshamlipa.

Ya kwanza niliichapa kwa fedha zangu miaka miwili iliyopita. Mpiga chapa alinitoza shilingi 2,400,000 kwa nakala 500, mhariri 400,000, msanii wa jalada 150,000. Bei niliweka 10,000. Hadi leo nimeuza 140 kwa mkono: kazini, kanisani, kwenye kikoba, na kwa watu walionipata mtandaoni nikawatumia kwa basi, nauli ya mzigo juu yao. Nakala 60 niliwagawia ndugu, walimu walionifundisha na wageni wa siku ya uzinduzi. Nakala 100 niko nazo madukani kwa mali kauli, wao wanabaki na asilimia 40. Wamenilipa 35 tu. Nyingine kila nikiulizia naambiwa mhasibu hayupo. Zilizobaki 200 ziko kwenye maboksi chini ya kitanda cha watoto, na baadhi ukizifungua kurasa zinachomoka.

Sasa kuna njia tatu mbele yangu. Mpiga chapa ameniambia nikichapa 1,000 atanifanyia 3,500 kila moja, nikichapa 300 ni 5,800, na 100 za mashine ya dijitali ni 7,500. Kikoba chetu kinaweza kunikopesha milioni tatu, riba asilimia 10, marejesho miezi sita. Nina laki tano za kuongezea, kwa hiyo 1,000 inawezekana.

Njia ya pili, kuna mchapishaji ameusoma muswada na kuupenda. Mrabaha, yaani fungu langu la mauzo, ni asilimia 10 ya mapato halisi, analipa mara moja kwa mwaka. Mkataba unasema anachukua haki zote kwa muda wote wa hakimiliki. Tena anataka nibadilishe mwisho, mhusika wangu arudi kwa mumewe, ili kitabu "kiweze kuingia shuleni".

Ya tatu, rafiki yangu anasema niachane na karatasi, niuze hadithi kwa vipande WhatsApp kama wanavyofanya wengi.

Mume wangu hapendi mkopo. Nyumba yetu ya Chanika imesimama kwenye lenta na tunadunduliza tupaue. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, maboksi yale yaishe kwanza." Najua ana haki. Lakini muswada ukikaa kabatini najiona kama nimeacha kuwa mwandishi, na kumpa mchapishaji kitabu chenye mwisho ambao si wangu naona ni bora nisimpe. Nifanye nini?

Mwandishi wa Alfajiri, Mbagala

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, ahsante kwa kuandika, na ahsante zaidi kwa kuweka hesabu wazi namna hii. Waandishi wengi wanaojichapia hawajui waliuza ngapi, waligawa ngapi na ngapi zimelala. Wewe unajua, na hiyo inatusaidia kuliko unavyodhani.

Nikikuelewa sawasawa, una muswada uliokamilika, mume mwenye wasiwasi wa haki, mkopo unaopatikana kirahisi, na hofu kwamba bila kitabu mkononi uandishi wako unaisha. Umeyaleta kama swali moja la kuchapa au kutochapa. Mimi nayaona matatu: lipo la fedha, lipo la haki zako juu ya kazi yako, na lipo la nyumbani. Ukiyatenganisha, kila moja linapungua uzito.

Tuanze na kitabu cha kwanza, maana naona umekihukumu vibaya. Ulitumia 2,950,000 kwa nakala 500, yaani kila nakala ilikugharimu 5,900. Duka likiuza kwa 10,000 na kubaki na asilimia 40, wewe unapata 6,000. Faida yako ilikuwa shilingi 100 kwa nakala, kabla hujapanda daladala kwenda kufuatilia malipo. Hata wasomaji wangezigombania zile 100 zote za madukani, usingepata nauli. Kwa hiyo hasara ya 1,340,000 unayoiona leo, yaani 2,950,000 ukitoa 1,610,000 za nakala 175 zilizolipiwa, haitokani na hadithi yako. Sehemu kubwa ilishapangwa siku ulipoandika bei kwenye jalada na siku ulipochagua idadi ya kuchapa.

Halafu tazama upande wa pili. Watu 140 walinunua kutoka mkononi mwako bila tangazo la redio wala duka. Kwa mwandishi asiyejulikana hiyo si namba ya kudharau. Hapo ndipo penye swali ninalotaka ulitafute jibu: kati ya hao 140, wangapi walikuuliza kitabu kingine kinatoka lini? Kama ni wengi, una wasomaji unaowafikia kwa simu. Kama karibu wote walinunua kwa kukuunga mkono kama mfanyakazi mwenzao au mwanakikoba mwenzao, ujue mara ya pili watakuwa wachache. Miamala ya pesa za simu imebaki na majina na namba zao, na waliolipa taslimu wengi unawafahamu. Kaa jioni mbili tatu uandike orodha, uweke alama kwa waliomaliza kusoma. Orodha hiyo ndiyo mali kubwa uliyoitoa kwenye kitabu cha kwanza.

Sasa mkopo. Bei ya 3,500 inavutia kwa sababu mashine ya ofseti ina gharama za mwanzo ambazo hazibadiliki: kutengeneza sahani za kuchapia, kurekebisha wino, karatasi zinazoharibika mpaka rangi itulie. Ukichapa nyingi, gharama hizo zinagawanyika. Ila bei ya nakala moja si kipimo cha hatari unayobeba. Ukichapa 1,000 na ukauza 175 kama mara ya kwanza, kila nakala iliyouzwa itakuwa imekula shilingi 20,000, na wewe umeiuza 10,000 au chini.

Marejesho nayo: milioni tatu na riba ni 3,300,000, ukigawa kwa miezi sita ni 550,000 kila mwezi. Ni nakala 55 za mkononi kila mwezi, au 92 za madukani, na maduka hayalipi ndani ya mwezi. Kitabu cha kwanza kilikwenda kwa wastani wa nakala saba kwa mwezi. Sisemi cha pili kitakwenda vilevile, mauzo yanaweza kupanda. Ninachokuomba ujiulize ni hiki: mwezi ambao zitauzwa 20, ile 350,000 au zaidi inayopungua itatoka kwenye mshahara wa nani? Wenzako wa kikoba ni hao hao wanunuzi wako. Deni likichelewa, utapoteza usingizi na soko kwa pamoja.

Ukiamua kuchapa kidogo, hesabu inageuka. Nakala 300 kwa 5,800 ni 1,740,000. Ukiweka bei ya 12,000, duka litakuachia 7,200, unabaki na 1,400. Ya mkononi inakuachia 6,200. Nakala 100 za dijitali ni 750,000 tu, lakini kwa bei ya 10,000 ukipeleka dukani unapoteza 1,500 kila nakala, kwa hiyo hizo ziwe za mkononi peke yake, au bei ipande. Bei ikipanda sana msomaji wa Mbagala ataweka kitabu chini. Hakuna njia ya kulikwepa hilo.

Kuna mahali pengine pa kupunguza kabla hujagusa bei. Kurasa za ofseti huchapwa kwa mafungu, mara nyingi kurasa 16 kwa fungu. Kwa kitabu cha ukubwa wa A5 muulize msanifu kurasa ametumia herufi za ukubwa gani. Ukishusha kutoka pointi 12 hadi 11, nafasi ya mistari ikawa pointi 14 na pambizo milimita 18, muswada wa kurasa 240 unaweza kushuka hadi karibu 208. Ni mafungu mawili yametoka, na msomaji haumii macho. Usiishie kwenye 210, maana kurasa mbili za ziada zinaweza kukulipisha fungu zima, au kukuachia kurasa tupu mwishoni.

Na zile kurasa zinazochomoka. Kwa kawaida ni gundi iliyopakwa ikiwa haijapata moto wa kutosha, au mgongo wa kitabu haukukwaruzwa vizuri kabla ya kugundishwa, au nyuzi za karatasi zinakwenda upana badala ya kwenda sambamba na mgongo, hivyo karatasi inapinda na kujing'oa. Safari hii usilipe salio kabla hujapewa nakala ya mfano iliyogundishwa kwa mashine ileile. Iache siku mbili ikauke, ifungue katikati mpaka ilale, vuta ukurasa mmoja kwa nguvu ya wastani. Ukitoka, rudisha. Angalia pia jalada: bluu iliyokolea inayong'aa kwenye simu mara nyingi hutoka kama zambarau kwenye karatasi, kwa sababu skrini hutumia mwanga na mashine hutumia wino. Mwambie msanii akupe faili lenye rangi za uchapaji. Na upana wa mgongo upimwe upya ukibadilisha idadi ya kurasa: kurasa 208 ni karatasi 104, na karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo mgongo ni milimita kumi na kidogo. Ukitumia jalada lililopimwa kwa kurasa 240, jina la kitabu litakimbilia upande mmoja.

Kabla ya kuchapa hata hizo chache, ipo njia ya kuwauliza wasomaji kwa fedha yao wenyewe: kulipia kabla. Ukiwaandikia wale 140 kwa jina, ukawatajia bei, tarehe ya kupokea, na idadi ya chini inayotakiwa ili uchape, 60 wakilipa 10,000 una laki sita mkononi kabla mashine haijawaka. Hatari yake ni moja na ni kubwa: fedha ya watu ikichanganyika na ya nyumbani, au tarehe ikipita kimya, umeuza jina lako. Tumia laini ya simu ya pekee, usiitoe hata shilingi mpaka idadi itimie, na useme mapema kwamba isipotimia utarudisha, ukihesabu makato ya kutuma kama gharama yako.

Rafiki yako naye ana hoja, ingawa ameisema kama jambo jepesi. Muswada wako, kwa kurasa hizo, una kama maneno 70,000. Ukikata vipande vya maneno 1,400 unapata 50. Vitatu kwa wiki ni wiki 17. Wasomaji 40 wakilipa 3,000 kwa mwezi kwa miezi minne ni 480,000, na hujanunua karatasi. Lakini riwaya iliyoandikwa isomwe kwa kitabu haikatiki popote. Kila kipande kinahitaji kuishia mahali panapomfanya msomaji asubiri, na sura zako zenye mwendo wa taratibu zitakuumiza. Kuna na kazi isiyoonekana: aliyelipa hajapokea, aliyebadilisha simu anataka vyote upya, anayeuliza "mwendelezo lini" saa nne usiku. Muda huo utatoka kwenye saa zako za alfajiri. Kuvuja kutatokea, watu hutumiana. Ukituma kwa faili lenye namba ya mnunuzi chini ya kila ukurasa unapunguza, huzuii. Na kama utatumia orodha ya matangazo badala ya kundi, kumbuka inawafikia waliohifadhi namba yako tu, na ukomo wake ni watu 256.

Nije kwa mchapishaji, maana hapa nataka uende polepole. Kupendwa kwa muswada wako ni habari njema, furahi. Ila tenganisha pongezi na karatasi ya kusaini. "Asilimia 10 ya mapato halisi" maana yake ni asilimia 10 ya kile kinachomfikia yeye baada ya duka kukata. Kwa kitabu cha 10,000 hiyo ni kama 600. Ingekuwa asilimia 10 ya bei ya jalada ingekuwa 1,000. Ni kidogo, lakini hubebi hatari yoyote ya uchapaji na kuna mtu mwingine wa kumtafuta mhasibu wa duka. Hilo lina thamani yake kwa mtu mwenye ajira na watoto.

Kinachonitia wasiwasi ni "haki zote kwa muda wote wa hakimiliki". Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, muda huo ni maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufariki. Wajukuu wako watakuwa wazee. Muulize kwa heshima kama anaweza kuchukua haki ya kuchapa kitabu kwa Kiswahili, kwa miaka mitano au saba, na haki ya sauti, filamu na tafsiri zibaki kwako. Omba kipengele kwamba kitabu kikiisha sokoni na asichape tena ndani ya miezi kadhaa baada ya kuandikiwa, haki zinarudi. Omba aandike idadi atakayochapa mara ya kwanza na akupe taarifa ya mauzo kwa maandishi. Mkataba wa kwanza unaoletwa mara nyingi ni pa kuanzia mazungumzo. Akikataa kila kitu, na hilo pia ni jibu.

Kuhusu mwisho wa hadithi, sijausoma, siwezi kusema yupi yuko sahihi. Ninachojua ni kwamba vitabu vya kutumika shuleni hupitia ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na mchapishaji hana uwezo wa kukuahidi matokeo yake. Unaombwa utoe kitu cha hakika kwa kitu cha matumaini. Mwulize swali jingine: mwisho wa sasa una tatizo gani kama hadithi? Akikujibu kwamba mhusika anaondoka bila msomaji kuandaliwa, huo ni uhariri mzuri, na unaweza kuurekebisha kwa kuimarisha sura za katikati bila kumrudisha mtu kwa mumewe. Akikosa jibu zaidi ya shule, hapo utapima mwenyewe.

Kuna jambo hujalitaja. Muswada ambao haujachapishwa bado una milango ambayo kitabu kilichochapwa hakina. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa 2022 chini ya Taasisi ya Elimu, hupokea miswada ambayo haijachapishwa. Tuzo ya Safal-Cornell, ya fasihi ya Kiswahili, nayo imekuwa ikipokea miswada. Kushinda si kitu cha kuwekea bajeti ya bati, lakini soma masharti ya mwaka husika kabla hujachapa au kurusha kipande cha kwanza WhatsApp, kwa sababu kuusambaza kunaweza kukuondolea sifa.

Nyumbani sasa. Umeandika "najua ana haki" halafu ukaendelea kana kwamba amekukataza. Nimeisoma kauli yake mara kadhaa. Hakusema uache kuandika. Anaona maboksi, na maboksi ndiyo sehemu pekee ya uandishi wako anayokutana nayo akirudi safari. Je, amewahi kusoma kitabu chenyewe? Anajua kwamba watu 140 walilipa? Na wewe, umewahi kumwambia maneno uliyoniandikia mimi, kwamba muswada ukikaa kabatini unajiona umeacha kuwa mwandishi? Akirudi, kaeni na karatasi yenye gharama ya paa upande mmoja, mbao, bati, misumari, fundi, na ya kitabu upande wa pili, zote kwa tarakimu. Mwulize ni kiasi gani kinaweza kwenda kwenye kitabu bila kusogeza mwezi wa kupaua. Huenda ni sifuri kwa sasa. Huenda ni ile laki tano yako. Kila jibu linakuelekeza kwenye njia tofauti kati ya hizi tulizopitia, na ni ninyi wawili mnaoweza kulitoa.

Wakati mnasubiri kuamua, yapo mambo yasiyohitaji mkopo. Wapelekee wenye maduka barua fupi yenye tarehe ulizowaachia nakala na idadi, uombe malipo ya zilizouzwa na urudishiwe zisizouzwa. 65 kamili zikiwa zimeuzwa ni 390,000 yako iliyoko kwao. Chambua zile 200, zenye kurasa zinazochomoka zigundishwe upya kwa fundi wa kujalidi, nzima ziinue juu ya vipande vya mbao mbali na ukuta, maana unyevu wa sakafu ya saruji unapanda kwenye boksi bila kuonekana. Usizione kama mzigo wa zamani. Msomaji mpya wa riwaya ya pili kwa kawaida huuliza ya kwanza iko wapi, na ukiziuza pamoja kwa bei ya pungufu kidogo, kila nakala itakayotoka ni fedha ambayo gharama yake ulishailipa.

Ukipata majibu ya mchapishaji kuhusu vile vipengele, utuandikie tena na nakala ya mkataba, jina la kampuni likiwa limefutwa. Tutaupitia pamoja.